Mguu Mfupi wa Kiti cha Mwingereza

Valdemar, mwenyekiti wa kijiji cha Lontreira, hakuwa mtu wa kubeba vitu. Ndiyo maana Felismina alishangaa Jumatatu asubuhi kumwona anaingia karakana na kiti kichwani, jasho linamtiririka, na nyuma yake hakuna hata mtu wa kumpokea. Alikitua katikati ya maranda, akahema, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kiti kikayumba: tak, tak.

"Umekisikia?" akauliza.

"Nimekisikia tangu nizaliwe," Felismina akamjibu bila kuacha kupiga msasa. "Kina jipya gani?"

"Jipya ni kwamba safari hii anakuja Mwingereza wa kweli. Wa ubalozini! Barua ninayo, ina muhuri mkubwa hivi. Jumatano ijayo, Watakatifu Wote, saa saba kamili mchana, juu ya daraja letu. Sasa wewe niambie, Fundi: nimwangushe mtu wa ubalozi mbele ya kamera?"

"Hakuna aliyewahi kuanguka. Wanayumba tu."

"Yule Mholanzi je?"

"Yule alikuwa amelewa. Halafu alikuwa Mholanzi."

Valdemar hakucheka. Alimwambia kwamba mguu ule mfupi urefushwe kabla ya sikukuu. Akishindwa, yeye ataleta kiti cha ofisini, chenye magurudumu, na hiki kikapumzike makumbusho ya mjini, ambako wameshakiomba mara mbili. Kabla hajamaliza, darini palisikika fimbo ikigonga mbao mara tatu.

"Usiguse!" sauti ikashuka kupitia nyufa za sakafu. "Mguu huo usiguswe! Ukiguswa, mimi darajani siendi. Valdemar, umesikia?"

"Shikamoo, Mzee Abílio," Valdemar akasema akitazama juu, uso umemwiva.

"Sitaki shikamoo yako."

Huyo alikuwa baba yake Felismina, mwenye miaka themanini na minane, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu yake.

Watu wa Lontreira wanasema, na usithubutu kuwabishia mezani, kwamba mwaka 1386 mfalme wa Ureno alikutana na mwana wa mfalme wa Uingereza juu ya daraja lao la mawe, wakala chakula cha mchana, wakakubaliana kusaidiana vitani, na mfalme akachumbiwa binti wa mgeni wake papo hapo kabla ya matunda. Vijiji vingine vitatu kando ya mto huo huo vina madaraja na vinadai neno hilo hilo. Lontreira hawavisalimii. Kila mwaka, sikukuu ya Watakatifu Wote, meza huwekwa katikati ya daraja na viti viwili vinavyotazamana, vyote kazi ya fundi mmoja, Zeferino Antas, aliyevichonga mwaka 1886 urafiki ule ulipotimiza miaka mia tano. Cha mfalme hukaliwa na mwenyekiti wa kijiji. Cha Mwingereza hukaliwa na Mwingereza yeyote atakayepatikana: mtalii, mnunuzi wa mvinyo, na miaka ya ukame mwalimu wa Kiingereza kutoka mjini.

Nyuma ya kiti hicho husimama mtu wa ukoo wa Antas. Hukivuta, husema, "Keti, rafiki wa zamani," na rafiki wa zamani huketi, na kiti huyumba, tak, naye hushika meza kwa mikono miwili. Hapo daraja zima huangua kicheko, ndipo supu huletwa.

Kisa cha kuyumba kila mtoto wa pale anakijua. Mwaka 1890 serikali ya London iliiandikia serikali ya Lisbon barua ya vitisho: ondoeni askari wenu katika nchi zilizo kati ya Angola na Msumbiji, la sivyo mtatutambua. Walikuwa wakubwa wawili wanagombania nchi zenye wenyewe, na wenyewe hakuna aliyewauliza. Ila hilo, tuseme kweli, halikuwakosesha usingizi watu wa Lontreira. Kilichowachoma ni kuandikiwa namna ile na rafiki wa miaka mia tano. Basi, kinavyosimuliwa, Zeferino akashika msumeno, akaukata mguu wa kiti cha Mwingereza unene wa kidole gumba, ili kila atakayekikalia akumbuke. Tangu hapo ukoo wao ukaitwa ukoo wa Msumeno. Abílio, mjukuu wake, alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Alikuwa akisema kwamba Lisbon nzima iliinamisha kichwa, mwenye kujibu akawa seremala.

Valdemar alipoondoka, Felismina alipanda ngazi na kikombe cha kahawa. Baba yake alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini. Homa ya mapafu ya majira ya baridi yaliyopita ilikuwa imemla nusu, na daktari alikuwa amemwambia Felismina pembeni kwamba asitegemee sana mzee kuyaona majira mengine ya baridi. Mzee hakuwa na ombi lolote maishani tena isipokuwa hiyo Jumatano moja, asimame nyuma ya kile kiti. Kwa hiyo Felismina hakuogopa ya ubalozi wala ya kamera. Aliogopa kwamba Jumatano ya mwisho ya baba yake ingepita amekaa dirishani, amenuna.

"Baba, wakileta kile cha magurudumu je?"

"Wakilete. Watamsukuma mpaka mtoni." Akanywa kahawa. "Haya yote ni ya kumwonyesha Mwingereza."

Ndivyo wanavyosema huko kwa jambo lolote la kupaka rangi juu ndani kumeoza, na Felismina alicheka, kwa kuwa mara hii msemo ulikuwa umempata mwenyewe.

"Lakini kwa nini usiguswe?" akauliza. Hakuwahi kuuliza. Katika miaka hamsini na minane hakuwahi, na swali lilipomtoka lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Baba yangu alinikataza. Naye alikatazwa na baba yake."

"Sababu?"

"Ulipokuwa mdogo nilikwambia usiguse patasi. Uliniomba sababu?"

"Niliigusa," Felismina akasema, akamwonyesha kovu la kidole.

Aliposhuka, alikipindua kiti juu ya meza ya kazi. Kuangalia si kugusa. Chini ya kikalio ilikuwepo ile tarehe anayoijua, 1886, na herufi Z.A. Mguu mfupi ulikuwa umevalishwa kipande cha ngozi, kimepigiliwa misumari midogo iliyoshika kutu, na ngozi hiyo kadiri anavyokumbuka haikuwahi kufunguliwa. Felismina aliizunguka meza mara mbili. Alipiga mluzi. Alichukua koleo, akalirudisha, akalichukua tena. Halafu akafungua redio kwa sauti kubwa ili darini wasisikie, akang'oa misumari mmoja mmoja.

Alichokiona kilimfanya azime redio.

Fundi hakati mguu wa kiti kwa hasira kisha akaukata hivi. Mkato haukuwa bapa. Ulikuwa umelala pande mbili kwa pamoja, kidogo mbele, kidogo kushoto, kazi ya mtu aliyepima, akapima tena. Juu ya mkato palipita randa. Kingo zake zilikuwa zimechongwa mviringo zisije zikapasuka. Na mbao yenyewe, mbao nzito ya mjozi, ilikuwa imekunywa mafuta yale yale meusi yaliyokinywesha kiti chote kilipokuwa kipya. Kama Zeferino angekata mwaka 1890, miaka minne baada ya kukipaka mafuta, pale kwenye mkato rangi ingekuwa nyingine. Hapakuwa na rangi nyingine. Mguu ulizaliwa mfupi.

Katikati ya mkato, kwa ncha ya patasi, lilikuwa limechongwa neno moja: CIMA. Juu.

"Juu ya nini sasa, babu?" Felismina akakiuliza kiti.

Siku tatu neno lile lilimkaa kichwani. Mafundi huandika juu na chini kwenye vipande wasije wakavigeuza wakati wa kuunga. Lakini nani asiyejua sehemu ya chini ya mguu wa kiti ni ipi? Alijaribu kudhani kwamba Zeferino alimaanisha mbinguni. Alijaribu kudhani alikuwa mlevi. Alitia chumvi kwenye mchuzi mara mbili, na baba yake akamuuliza kama ana mchumba.

Ijumaa alikuja Bi Custódia, jirani, kuleta mayai na kulalamika. Kulalamika ndiko kulikuwa kazi yake hasa, mayai yalikuwa kisingizio. Safari hii alilalamikia mbweha.

"Kuku wanne, Felismina! Wanne! Wote wa banda la juu. Sijaona hasara kama hii tangu mwaka wa meza kugeuka."

"Pole. La juu lipi, la kilimani?"

"Kilimani nina banda? La upande wa juu wa daraja, kule mto unakotokea. Banda la chini hajaligusa, mshenzi yule. Amechagua upande kama bwana mkubwa."

Felismina alibaki na yai mkononi. Lontreira nzima wana kilima na bonde, lakini wakisema juu na chini wanasema mto: juu ni unakotoka, chini ni unakokwenda. Alikuwa amelitumia neno hilo maisha yake yote. Kisha likamgonga na lile lingine. Mwaka wa meza kugeuka! Kila mtu pale husema hivyo akimaanisha zamani za kale. Mama yake alikuwa akisema hivyo kuhusu koti lake. Hakuna aliyewahi kuuliza ni meza gani, na iligeuzwa na nani.

"Bi Custódia, nisaidie kubeba kiti."

"Mimi na mgongo huu?"

"Basi beba pima maji."

Daraja la Lontreira limepinda mgongo, na mawe yake yamekaa yalivyotaka yenyewe. Felismina alikitua kiti katikati, upande wa chini, pale kinapowekwa kila mwaka. Tak, tak. Akakivusha mahali meza inaposimama hadi upande wa juu, pale anapokaaga Valdemar, pale ambapo kila mwaka mwenyekiti hutoa mfukoni kipande cha kizibo cha chupa na kukichomeka chini ya kiti cha mfalme, na watu wakadhani ni udhaifu wake tu. Akakisogeza kidogo kushoto. Akakisogeza nyuma. Kwa mikono yake akahisi miguu inaingia mahali pake, mmoja, wa pili, wa tatu, na ule mfupi ukakanyaga jiwe lililoinuka kuliko mengine, ukatulia.

Akakisukuma. Kimya. Akakisukuma kwa nyonga. Akaweka pima maji juu ya kikalio, na kile kiputo kikasimama katikati kabisa.

"Kalia," akamwambia Bi Custódia.

"Nisianguke?"

"Kalia, mama."

Bi Custódia alikalia kwa woga, tako moja kwanza. Halafu akaketi vizuri, akajitikisa, akapanga sketi yake. "Heh! Hiki kiti kizuri," akasema. "Mgongo wangu umepona."

Njia nzima ya kurudi Felismina alitembea na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, na ni mlangoni tu alipokumbuka kwamba fumbo lenyewe lilikuwa la mtu. Alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Angeweza kunyamaza. Lakini kiti cha magurudumu kilikuwa kinasubiri ofisini, na mguu asingeurefusha hata kwa dawa, sasa alipojua. Alipanda, akamweleza baba yake kila kitu: mkato, mafuta, neno, jiwe. Kwamba kiti kilikatwa tangu mwanzo ili mgeni akae sawa juu ya mawe mabaya. Kwamba mwaka ule wa barua watu waligeuza meza kwa hasira wakampa Mwingereza upande mwingine, na baada ya miaka wakasahau meza, wakabaki na mguu.

Mzee Abílio alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Kwa hiyo hakumjibu," akasema mwishowe.

"Nani?"

"Babu. Barua ilikuja, hakumjibu mtu. Alichofanya ni kumtengenezea Mwingereza mahali pa kuweka matako vizuri." Akalivuta blanketi lake magotini. "Mimi nimekuwa Msumeno miaka themanini na minane, Felismina. Shuleni nilipigana kwa jina hilo. Wewe umekwenda na koleo lako ukanivua."

"Baba, sikuwa na nia..."

"Ulifungua redio. Nilijua. Redio ikipigwa hivyo kuna kitu kinang'olewa." Akageukia dirisha. "Kamkalishe wewe huyo mgeni wenu."

Ilimuuma Felismina kuliko patasi. Jumamosi mzee hakugonga sakafu. Jumapili hakugonga. Felismina alirudisha ngozi mguuni akapigilia misumari mipya, akaenda kwa Valdemar na kumwambia kiti kimepona, kwa sharti moja: mgeni akae upande wa juu, mwenyekiti upande wa chini. Valdemar alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba upande wa chini picha ingemtoa na kinu cha maji nyuma yake, akasema hilo halina shida.

Jumanne jioni Felismina alinyoosha suti ya baba yake akaitundika mlangoni. Mzee aliitazama, akaomba supu.

Jumatano jua lilitoka. Daraja lilijaa mapema. Sufuria za bakalau, samaki mkavu wa chumvi, na viazi, mikate ya mahindi, castanha, zile kokwa za msituni, zikipasuka kwenye makaa pembezoni na moshi wake ukiwaingia watu machoni, na mvinyo mchanga ambao haukuwa umetulia bado lakini nani angeusubiri. Mtu wa ubalozi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Rosalind Tregear, mrefu, viatu vya matembezi, Kireno chake kizuri kwa mtu aliyejifunzia kitabuni. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akaonja castanha akaungua kidole, na watu wakaanza kumpenda, wakazidi kungoja kwa hamu ayumbe.

Felismina alisimama nyuma ya kiti. Hakuwahi kusimama pale. Maneno yalikuwa manne tu na alihisi hatayaweza. Valdemar alimkonyeza aanze.

"Ngoja," mtu akasema nyuma.

Mzee Abílio alikuwa anapanda mgongo wa daraja, kofia kichwani, suti imemlegea, Bi Custódia amemshika kwapa. Watu walipisha. Alihema kila hatua tano, na alipofika hakumtazama mgeni wala mwenyekiti. Alimtazama binti yake.

"Sikuja kukalisha mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuona kama umepima vizuri."

"Pima mwenyewe, Baba."

Akaitundika fimbo kwenye mkono. Akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, akausukuma. Akasukuma tena, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka Bi Custódia akapiga kelele. Kiti hakikutingishika. Mzee aliinama taratibu, akautazama ule mguu juu ya lile jiwe, akapitisha kidole mahali vinapokutana. Alikaa hivyo muda, na Felismina, aliyekuwa karibu, aliona uso wa baba yake unabadilika na kuwa uso anaoufahamu wa karakana, uso wa fundi anayeona kazi ya fundi mwingine.

"Wembe haupiti," akanong'ona. "Felismina. Wembe haupiti hapa."

Akasimama wima, akavua kofia, akakivuta kiti. "Keti, rafiki wa zamani."

Bi Tregear akaketi. Daraja zima likavuta pumzi kwa ajili ya kucheka, na pumzi hiyo ikakosa kazi. Mgeni aliwatabasamia, ametulia tuli, akauliza kama amekosea jambo. Huko nyuma mtu akasema, "Mwaka huu hakuna raha," na mwingine akasema, "Wamemtengenezea! Msumeno wamemtengenezea!" Felismina aliona shingo ya baba yake inakakamaa.

Valdemar, kuokoa hali, aliinua glasi ya mvinyo, akaanza hotuba yake ya urafiki wa miaka zaidi ya mia sita, akachomeka kile kizibo chake chini ya kiti cha mfalme kwa mguu alivyozoea, akaketi huku anasema "usioyumba kamwe".

Tak!

Mvinyo ulimrukia kifuani. Aliushika ukingo wa meza, kiti kikamrudisha nyuma, tak, kikamtupa mbele, tak, supu ikaruka. Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha miaka mingi kwa mpigo mmoja. Bi Custódia alilazimika kukaa chini juu ya mawe. Hata Bi Tregear alijificha nyuma ya kitambaa, mabega yakimchezea.

Mzee Abílio alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Felismina akaogopa. Halafu akainama kidogo. Alikuwa anaangalia miguu ya kiti cha mfalme.

"Mwinue huyo," akasema.

Valdemar aliinuka, shati jekundu kwa mvinyo. Mzee alikipindua kiti kwa fimbo yake. Miguu minne, yote sawa, na chini ya kikalio 1886, Z.A. Hakuna mkato, hakuna neno. Mawe ya upande wa chini yalikuwa mabaya sawasawa na ya upande wa juu.

"Mkono ule ule," mzee akasema polepole, na sasa alikuwa anasema na binti yake tu ingawa watu wote walinyamaza kumsikiliza. "Siku ile ile. Alipima huku akapima na huku, maana fundi wa namna hii hasahau. Cha mgeni akakikata kitulie. Cha kwetu akakiacha."

"Alisahau kweli, Baba, huenda..."

"Zeferino?" Macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. "Hakusahau, binti yangu. Aliacha."

Valdemar alikuwa anajipangusa kwa gazeti. "Sawa, sawa, tumeelewa. Fundi, kesho nakuletea na hiki. Nikatie mguu nami nikae sawa."

"Usiguse!"

Ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikishuka kupitia sakafu. Watu wawili watatu waliruka. Mzee Abílio alikisimamisha kiti cha mfalme, akakitafutia mahali pake mbele ya meza, akampa Felismina kofia na fimbo. Valdemar alifungua mdomo kueleza kwamba hapo ni mahali pa mwenyekiti. Felismina akamtazama, naye akaufunga.

Mzee alishuka taratibu, akaketi. Kiti kikamwinamisha kulia, tak. Akashika meza. Kikamrudisha kushoto, tak, na uso wake, Felismina atausimulia mpaka azeeke, uliangaza.

Bi Tregear aliinuka nusu, akanyoosha mkono kumshika mzee kiwiko.

"Mzee wangu," akasema kwa Kireno chake cha kitabuni, "kiti chako kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Kaa ule," Mzee Abílio akamwambia. "Ni cha mwenyeji."